Toleo Lifike Kabla ya Korosho

Kijana anayeandika programu huria akiwa Marambo, Nachingwea mjini au Ruangwa ana kitu ambacho wenzake wengi wa miji mikubwa hawana: anaishi na watu watakaoitumia. Anajua mwezi ambao karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha mazao, hapati hata nafasi ya kula mchana, na anajua mwezi ambao ghala limefagiliwa na kufungwa kufuli. Ujuzi huo ni mkubwa, lakini mara nyingi hauingii kwenye ratiba ya mradi. Toleo jipya linatoka siku ambayo mwandishi wake amemaliza kazi, hata kama siku hiyo ni Novemba katikati ya mnada, au Januari watu wakiwa mashambani.

Programu huria haina mwajiri wa kuipangia tarehe. Msimbo uko wazi, kila mwenye uwezo anachangia kwa wakati wake, na hakuna mkataba unaosema kazi ikabidhiwe lini. Ndiyo maana swali la "toleo linalofuata linatoka lini?" huwachosha wasimamizi wa miradi hii kuliko hata kasoro za programu zenyewe. Ushauri wangu ni huu: itafute tarehe kwenye kalenda ya mtumiaji aliye mbali kuliko wote, itangaze, kisha usiisogeze. Kinachosogea ni kazi. Kipengele ambacho hakijaiva kibaki nyuma, toleo liondoke.

Nitatumia mfano mmoja ili tusizungumze hewani. Tuseme vijana watatu wa Nachingwea wanaandika programu ya kupokelea mazao kwenye AMCOS. Inasajili mkulima, inaandika uzito kutoka kwenye mizani, inatoa risiti, na baada ya mnada inaandaa orodha ya malipo pamoja na makato. Inafanya kazi kwenye simu janja na kwenye kompyuta moja ya ofisi. Msimbo wameuweka wazi mtandaoni, na wamepata wachangiaji: mwanafunzi mmoja Dodoma, mwalimu mmoja Masasi, na Mtanzania mmoja anayeishi Sweden. Mradi wa namna hii ni mdogo, lakini maswali yake ya ratiba ni yale yale yanayoikabili miradi mikubwa ya dunia.

Nianze na korosho, kwa sababu huku kila hesabu ya mwaka inapigwa kutoka kwenye korosho kurudi nyuma. Minada yake hufunguliwa Oktoba na kuendelea hadi Desemba, miaka mingine ikaingia Januari. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika kwenye korosho mwaka 2007, mkulima hapokei fedha palepale kwenye mizani. Anapima, anapewa risiti, mzigo unakwenda ghala kuu, unauzwa mnadani, kisha malipo yanapitia benki. Kwa hiyo kosa lililofanyika Jumatatu kwenye mizani halionekani Jumatatu. Linaonekana baada ya wiki kadhaa, jina la mkulima linapokosekana kwenye orodha ya malipo, au kilo zake 312 zinaposomeka 213. Wakati huo mzigo umeshachanganyika ghalani na hakuna namna ya kuupima tena. Mtu aliyepoteza kilo hizo amepoteza ada ya mtoto au mabati ya nyumba. Ndiyo sababu nasema bila kupepesa macho: kuanzia Septemba hadi Januari inapokwisha, toleo jipya lisitoke.

Kabla ya korosho kuna mbaazi, ambazo minada yake huangukia zaidi Agosti na Septemba. Kabla ya mbaazi kuna ufuta, unaouzwa kuanzia Mei hivi hadi Julai. Na wakati ufuta unapimwa, AMCOS hizo hizo zinagawa salfa na viuatilifu vingine, kwa sababu mikorosho hupuliziwa katika miezi hiyo ya kiangazi. Karani ni yule yule, daftari ni lile lile. Ukiondoa yote hayo, mwaka unakuachia nafasi mbili tu: kuanzia Februari hadi katikati ya Aprili, na siku chache mwishoni mwa Julai, ufuta unapomalizika na mbaazi hazijachanganya.

Basi matoleo yawe mawili kwa mwaka, moja Machi na moja mwisho wa Julai, na yasilingane. Hapa ndipo kalenda ya kwetu inapofundisha kitu ambacho hutakipata kwenye mwongozo wowote wa kigeni. Machi ni mvua. Pikipiki inazama, baadhi ya vijiji havifikiki kwa urahisi, na huwezi kumpeleka mtu kila AMCOS kwenda kumwelekeza karani mahali pa kubofya. Toleo la Machi kwa hiyo libebe mabadiliko ambayo mtumiaji hayaoni: hesabu za makato, namna ya kuhifadhi kumbukumbu, marekebisho ya ndani. Yakiingia Machi yanapata nafasi ya kupita kwenye ufuta na mbaazi, mazao ambayo mizigo yake ni midogo kuliko korosho, kabla hayajakutana na foleni ya Oktoba. Mwisho wa Julai ni kiangazi. Barabara zimekauka, kijana anaweza kuzunguka na bodaboda AMCOS moja baada ya nyingine. Toleo la Julai ndilo libebe vinavyoonekana na vinavyohitaji mafunzo ya ana kwa ana: ukurasa mpya, utaratibu mpya wa kusajili, risiti yenye sura mpya. Minada ya mbaazi itakuwa mazoezi ya karani.

Julai ina faida nyingine. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, baada ya Bunge kupitisha bajeti Juni. Tozo na viwango vinavyobadilika hubadilika zaidi wakati huo, na toleo la mwisho wa mwezi linawahi kuvipokea.

Nachingwea inapaswa kuwa mahali pa mwisho duniani kudharau ratiba, kwa sababu ardhi yake imewahi kupangiwa ratiba na watu waliokaa mbali. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga katika Tanganyika, maeneo yake yakiwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mwaka wa kwanza zilitakiwa zisafishwe ekari 150,000. Mpango uliweka kwa pamoja tarehe, idadi ya ekari na fedha, kabla ya watu kujua vizuri udongo ulivyo, mvua inanyesha lini na matrekta yatahimili nini. Ekari zilizopandwa mwaka huo hazikufikia hata 10,000. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, mamilioni ya pauni yakiwa yamekwenda. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea kwa ajili ya karanga ambazo hazikupatikana ilifungwa mwaka 1962.

Sitaki kijana asome historia hiyo na kusema kwamba kuweka tarehe ndiko kulikoharibu. Kilichoharibu ni kuweka tarehe na kiasi cha kazi kwa wakati mmoja, kisha kukataa kupunguza kimojawapo hali halisi ilipojitokeza. Mradi wa kujitolea hauna nguvu ya kuahidi vyote viwili. Mwalimu wa Masasi anaweza kuugua, mwanafunzi wa Dodoma ana mitihani, na yule wa Sweden anaweza kubadilishiwa zamu kazini. Ukiahidi kwamba "toleo la Julai litakuwa na usajili kwa alama za vidole", umeahidi jasho la mtu ambaye humlipi. Ahidi Julai, na useme kwamba kilichokuwa tayari ndicho kitakachokuwamo.

Miradi mikubwa imejifunza hili kwa gharama. Debian, mfumo huria unaoendesha seva nyingi duniani, ilitoa toleo la 3.0 Julai 2002 na ikawa na desturi ya kutoa toleo linalofuata pale tu litakapokuwa tayari. Toleo la 3.1 lilitoka Juni 2005, karibu miaka mitatu baadaye, na katika muda huo waliotaka vitu vipya walihangaika kuvitafuta kwingine. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na wenzake walichukua msingi wa Debian wakatengeneza Ubuntu, wakatangaza kwamba itatoka kila baada ya miezi sita, Aprili na Oktoba. Toleo la kwanza lilipewa namba 4.10, yaani mwaka 2004 mwezi wa kumi. Tangu hapo wameishika ratiba hiyo, isipokuwa mara moja mwaka 2006, ambapo toleo la Aprili lilicheleweshwa hadi Juni ili kulikamilisha, kwa kuwa lilikuwa la kwanza kuahidiwa huduma ya muda mrefu. Ndiyo maana linaitwa 6.06. Walisogeza kwa sababu moja iliyotajwa hadharani na kwa muda uliotajwa, kisha wakarudi kwenye mstari.

Nawashauri mchukue pia namna yao ya kutoa namba. Mkiliita toleo 27.03 au 27.07, karani akipiga simu akiwa na shida mtamuuliza tu kama ana la Machi au la Julai.

Pingamizi ninalolisikia mara nyingi ni kwamba wakulima wameahidiwa kipengele fulani, na kukiacha ni kuwavunja moyo. Jibu ni kwamba toleo linalotoka kila mwaka mara mbili kwa uhakika linapunguza uchungu wa kusubiri. Aliyekosa Julai anajua Machi ipo. Wachangiaji nao hawalazimiki kusukuma kazi mbichi kwa hofu kwamba nafasi nyingine itakuja baada ya miaka. Mkulima yeyote wa Marambo anajua kwamba korosho mbichi haitiwi gunia moja na iliyokauka, kwa sababu unyevu wa chache unashusha daraja la gunia zima. Kipengele ambacho hakijakamilika nacho huharibu vile vilivyokuwa salama, kwa kuwa vyote vinasoma kumbukumbu zile zile.

Tarehe ikishapatikana, hesabu kurudi nyuma na ufunge milango kwa zamu. Wiki nane kabla ya toleo, funga mlango wa vipengele vipya. Hapa ndipo msimamizi anapaswa kuwa na moyo mgumu, kwa sababu kila mara kutatokea kazi nzuri iliyokaribia kukamilika, na mwenye kazi hiyo atakuwa rafiki yako. Iweke kwenye tawi lake la msimbo isubiri. Linus Torvalds na wenzake wanaosimamia kiini cha Linux wanafanya hivyo kwa ukali zaidi: mlango wa kupokea mambo mapya hufunguliwa wiki mbili tu, kisha kwa wiki saba au nane hupokewa marekebisho ya kasoro peke yake. Utaratibu huo unazaa toleo jipya kila baada ya wiki tisa au kumi, na maelfu ya watu wanaufuata bila kuajiriwa na ofisi moja.

Wiki tano kabla, funga maneno. Hili miradi mingi hulisahau, na kwetu sisi ndilo linaloumiza. Karani aliyezoea kuona "Uzito ghafi" akikuta "Uzito wa awali" anasimama, anauliza, na foleni inasimama naye. Kama programu ina Kiswahili na Kiingereza, mfasiri anahitaji muda ambao maneno ya asili hayabadilikibadiliki chini ya mikono yake. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, kazi ya kujivunia iliyobuni istilahi nyingi tunazozitumia bila kujua zilikotoka. Ilisimama juu ya OpenOffice ya kizazi cha 1.1, na Oktoba 2005 OpenOffice 2.0 ikatoka. Wafasiri wa lugha yoyote wanaijua hali hiyo: unapomaliza nyumba, kiwanja kinahama. Mradi mdogo wenye wafasiri wake jirani hauna sababu ya kuwatesa hivyo. Wiki hizo tano pia zinatosha kuchapisha mwongozo wa kurasa mbili pale stationari ya mjini, ukiwa na picha zinazofanana na kile karani atakachokiona.

Wiki tatu kabla, toa toleo la majaribio kwa AMCOS mbili au tatu ambazo makarani wake wana subira na mdomo wa kusema ukweli. Wapeni kumbukumbu za mwaka jana waziingize upya, kisha linganisheni orodha ya malipo iliyotoka na ile ya mwaka jana, jina kwa jina. Zisipolingana, hamna toleo, mna kasoro ya kutafuta. Na kasoro hiyo ikitokana na kipengele kipya, kitoeni kipengele kabla ya kufikiria kusogeza tarehe.

Sasa kuna jambo ambalo waandishi wa programu wa mijini hawalioni kwa sababu kwao halipo. Siku mliyoweka toleo mtandaoni siyo siku lililofika. Kwa karani ambaye bando lake linakwisha tarehe kumi ya mwezi, au ambaye simu yake imejaa picha za harusi, toleo linafika siku ambayo mtu amemletea. Ratiba yenu iwe na tarehe mbili zilizoandikwa: ya kutoka, na ya kufika kwa AMCOS ya mwisho. Kati ya hizo wekeni wiki mbili, na Machi wekeni tatu. Faili la kusakinisha liwe dogo, liweze kupita kwenye flashi na kwa kutumiana simu kwa simu bila intaneti, na lisidai kupakua kitu kingine likishafunguliwa.

Aliyekuwa kusini Mei 2024 hahitaji kushawishiwa juu ya hili. Mwanzoni mwa mwezi huo kimbunga Hidaya kiliingia pwani yetu, mvua ikakata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga, na mabasi na malori yakakwama. Kisha tarehe 12 Mei nyaya za intaneti za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na mtandao ukazorota nchi nzima kwa siku kadhaa. Ndani ya muda mfupi mno zote mbili, barabara na intaneti, ziliyumba. Mradi uliokuwa umepanga toleo lake lifike katikati ya Mei ungekwama kabisa. Ule uliolifikisha mwisho wa Machi usingejali.

Kalenda ya watumiaji ikishatawala, ziangalieni kalenda za wachangiaji. Mwanafunzi wa chuo ana mitihani ya mwisho wa muhula. Msimtegemee kwa kazi kubwa wiki hizo. Wengi wenu wenyewe mnalima, na mvua za kwanza zikishuka mtu yuko shambani. Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, hivyo tarehe iliyokuwa nzuri mwaka huu inaweza kuwa mbaya miaka miwili mbele. Kwa mwaka 2026, kwa mfano, Idi el-Fitri iko karibu na 20 Machi na Pasaka ni 5 Aprili, kwa hiyo toleo la masika lingekaa vizuri zaidi wiki ya mwisho ya Machi, baada ya Idi, ili lifike AMCOS ya mwisho kabla ufuta haujaanza kuuzwa. Kila Februari kaeni na kalenda ya ukutani mkubaliane tarehe za Julai na za Machi ya mwaka unaofuata. Siku ya kutoa iwe Jumanne au Jumatano, kamwe isiwe Ijumaa, kwa sababu siku tatu za kwanza lazima mtu apokee simu.

Ratiba hii yote ina mlango mmoja wa dharura, na mlango huo uwe mwembamba. Mambo mawili tu yanaweza kutoa toleo nje ya tarehe, hata msimu wa korosho ukiwa umepamba moto: kasoro inayopoteza fedha au kumbukumbu za mtu, na tundu la usalama. Desemba 2021 lilitangazwa hadharani tundu kubwa kwenye Log4j, kipande cha programu huria kilichokuwa ndani ya mifumo isiyohesabika, na wasimamizi wake walitoa matoleo ya 2.15, 2.16 na 2.17 ndani ya wiki mbili hivi, kwa sababu marekebisho ya kwanza hayakutosha. Hakuna aliyewauliza kwa nini hawakusubiri. Lakini toleo la namna hiyo libebe dawa ya tundu, lisibebe mapambo. Toleo lenu la dharura lijengwe kutoka kwenye msimbo ulioko kwa makarani sasa hivi, pamoja na rekebisho moja. Likijengwa kutoka kwenye msimbo mnaoendelea kuuandika, litaingiza AMCOS mambo ambayo hayajawahi kujaribiwa, na ni Novemba.

Kuna dharura nyingine inayotoka serikalini, na hiyo mnaweza kujikinga nayo mapema. Tarehe 12 Novemba 2018, wanunuzi na wakulima wakiwa wamevutana juu ya bei, Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaingia kazini kuzisomba. Uhakiki wa wakulima ukaanza, utaratibu wa malipo ukabadilika msimu ukiwa katikati. Mwaka 2024 minada ilihamia kwenye mfumo wa kidijitali wa Soko la Bidhaa, TMX. Mambo haya yatatokea tena kwa sura nyingine. Chochote kinachoweza kubadilishwa kwa tangazo, kama bei, tozo, aina za makato, majina ya benki, au hatua za malipo, kisiandikwe ndani ya msimbo. Kiwekwe kwenye mipangilio ambayo katibu wa AMCOS au ofisa wa chama kikuu cha RUNALI anaweza kuibadilisha mwenyewe, akiwa na ruhusa na kumbukumbu ya nani alibadilisha nini. Mkifanya hivyo, tangazo la Novemba linakuwa kazi ya asubuhi moja, na ratiba yenu haiguswi.

Amueni pia nani ana mamlaka ya kutoa toleo. Wawe wawili, kila mmoja aweze kuifanya kazi hiyo mwenzake akiwa hayupo, na kusiwe na toleo ambalo mmoja amelitoa bila mwingine kulikagua. Sababu yangu ni kisa cha xz, kipande kidogo cha kubana mafaili kinachotumika karibu kwenye kila mfumo wa Linux. Mwandishi wake alikuwa mmoja, amechoka, na mwaka 2022 watu wasiojulikana walimsonga kwa malalamiko kwamba anachelewesha kazi. Akamkabidhi mamlaka ya kutoa matoleo mchangiaji aliyejiita Jia Tan, na mapema mwaka 2024 matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka yakiwa na mlango wa siri. Mtu huyo akahangaika matoleo hayo yaingizwe kwenye mifumo mikubwa kabla haijafunga milango yake. Mhandisi Andres Freund aliugundua mlango huo mwisho wa Machi, baada ya kuona kwamba kuingia kwenye kompyuta yake kunachukua sehemu ya sekunde zaidi ya kawaida. Ubuntu walisogeza toleo lao la majaribio kwa wiki moja ili kujenga upya kila kitu. Haraka inayoshinikizwa na mtu asiyetumia programu yenu iwatie shaka. Na msimamizi aliyechoka aseme amechoka, ili toleo la Machi lipungue badala ya mtu kuvunjika.

Mwisho ni muda wa kuhudumia matoleo ya zamani. DHIS2, programu huria iliyotokana na kazi iliyoanzia Afrika Kusini na kuendelezwa Chuo Kikuu cha Oslo, ndiyo inayobeba taarifa za huduma za afya (MTUHA) kutoka vituo vya afya vya Tanzania, vikiwamo vya Nachingwea na Ruangwa. Miaka ya nyuma ilitoa matoleo makubwa mara kadhaa kwa mwaka. Kadiri nchi zinazoitegemea zilivyoongezeka, mwendo ulipunguzwa hadi toleo kubwa moja kwa mwaka, na matoleo matatu ya karibuni ndiyo yanayohudumiwa. Wizara haiwezi kufundisha upya wilaya zote kila baada ya miezi minne. Nanyi mkifikisha AMCOS nyingi, fanyeni hivyo: Machi libaki toleo la marekebisho tu, Julai lenye mambo mapya.

Kwa sasa, mkiwa wachache, hudumieni matoleo mawili: lililotoka Julai na lile la Julai iliyotangulia. Karani aliyeruka mwaka mmoja kwa sababu simu iliharibika au barabara ilikatika asiachwe, lakini aliyeruka miaka miwili aelezwe wazi kwamba lazima asasishe kabla ya korosho. Tarehe ya mwisho wa huduma iandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa programu, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, na iwe 31 Agosti, siku ambayo bado kuna muda wa kumfikia kwa pikipiki.